Bi Kanga Alivyoshuka Shimoni kwa Akina Fuko

Paukwa!

Pakawa!

Ah-ah. Hiyo ni sauti ya walioshiba au ya wanaosinzia? Watoto nawasikia. Baba zao siwasikii. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmekuja. Hapo zamani za kale, zamani zile wanyama walipokuwa wanapika na kupakuliana, palikuwa na bonde. Bonde kavu. Mvua yake ya kubahatisha. Lakini wanyama wa bonde lile walikuwa na kitu kimoja, na kitu hicho walijivunia kweli kweli. Walikuwa na ghala.

Ghala lile hawakujengewa na mtu. Hawakuletewa na mfalme. Walilijenga wenyewe. Tembo alibeba magogo, akayatupa chini, pu! pu! Mchwa wakakandika udongo. Ndege wakasuka paa. Na kila mavuno, kila nyumba ilileta kapu moja. Mwenye mtama alileta mtama. Mwenye viazi alileta viazi. Hata Konokono alileta. Alitoka kwake Jumatatu, akafika Ijumaa, kapu lake dogo kama ganda la karanga, na bonde zima likampigia makofi.

Wageni wakipita waliuliza, "Ghala kubwa hivi, la nani?"

Bonde zima lilijibu, "Letu!"

Sasa sikilizeni. Chakula cha ghala hakikuwa cha kila mtu kujichotea. Kilikuwa cha vikundi. Bonde lile lilikuwa na vikundi vinavyofanya kazi za wote, bila kulipwa. Korongo walilea yatima. Nguchiro walifukuza nyoka. Pundamilia walifagia njia kwa mikia yao, fya, fya, fya. Na akina Fuko, wale wadogo wasioona, walitunza mfereji. Mfereji ule ulipita chini kwa chini, kutoka chemchemi ya mlimani mpaka bwawani. Maji yote ya bonde yalipita humo.

Mwenye kufanya kazi ya wote hana muda wa kulima shamba lake. Basi ghala linamlisha. Ndiyo mpango wao ulivyokuwa. Mnaelewa?

Tunaelewa!

Mwangalizi wa ghala alikuwa Bi Kanga. Mama wa heshima. Haibi, hapendelei, hachelewi. Na msaidizi wake alikuwa Ngiri. Ngiri alikuwa na kazi moja, na aliipenda kama roho yake. Kazi ya kukagua nyayo.

Maana walikuwa na desturi. Kabla ya kugawa chakula, Ngiri alizunguka kwa kila kikundi, pua chini, mkia juu. Anatazama nyayo uani. Akiona nyayo nyingi anasema, hawa wanafanya kazi, wapewe kingi. Akiona chache, wapewe kidogo. Akikosa kabisa, hawapewi kitu. Na huku anaimba:

"Nyayo hizi, nyayo hizi, hawa watu wana kazi!
Nyayo wapi, nyayo wapi, hawa watu wamelala!"

Korongo wana nyayo. Nguchiro wana nyayo. Pundamilia ndio usiseme. Uwanja wao chini ya mkuyu ulikuwa umejaa nyayo, nyayo juu ya nyayo.

Ngiri akafika kwa akina Fuko. Akatazama huku. Akatazama kule. Majani yamesimama tu. Nyayo hakuna hata moja.

"Wamelala!" akasema.

Msimu wa kwanza wa ukaguzi wa Ngiri, akina Fuko hawakupata kitu. Wakafunga mikanda. Msimu wa pili hawakupata kitu. Mikanda ikaisha matundu.

Siku moja mchana, jua linawaka, Mzee Fuko akatoka shimoni. Mzee Fuko hajazoea jua. Akatambaa, akapapasa, akauliza njia, akafika ghalani.

"Hodi, mama."

"Karibu, mzee wangu," akasema Bi Kanga. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kusema jambo moja. Watu wangu wana njaa. Mfereji umeanza kudondosha udongo. Tukitafuta viazi, hatuchimbi. Tukichimba, hatuli. Tupe chakula cha siku chache tuutengeneze. La sivyo, keshokutwa tunahama."

Ngiri akacheka, ngroo, ngroo! "Babu, misimu miwili nakuja kwenu sioni unyayo hata wa dawa!"

"Unyayo wa wapi, kijana? Sisi tunapita chini."

"Hata mvivu angesema hivyo. Ati napita chini!"

Mzee Fuko akamgeukia. "Mimi ndiye nisiyeona, lakini naona leo tuko wawili."

Waliokuwa pale wakaangua kicheko. Ngiri akanuna. Bi Kanga hakucheka. Aliwaza. Mzee huyu anasema kweli? Lakini desturi ni desturi. Nikimpa yeye bila nyayo, kesho watakuja wote bila nyayo.

"Mzee wangu," akasema taratibu, "nakuheshimu sana. Lakini utaratibu wetu unaujua."

"Naujua," akasema Mzee Fuko. "Basi kwaherini." Akageuka, akapapasa, akaenda zake.

Hapo Bi Kanga alikosea. Nasema wazi. Alikosea.

Kesho yake asubuhi wanyama wakaenda bwawani. Jana maji yalifika magotini. Leo yanafika kwenye kwato. Siku ya pili yake, tope. Twiga akainamisha shingo yote ile ndefu, akanyonya, fyoo, akapata matope puani.

"Maji yamekwenda wapi?"

"Nani kayanywa?"

Yatima wa Korongo wakaanza kulia, mdomo mkavu, machozi hayatoki. Sasa hiyo si kiu ya mchezo. Bonde lile halikuwa na maji mengine.

Bi Kanga akamwita Ngiri. "Twende kwa Mzee Fuko."

"Tukafanye nini kule? Nyayo..."

"Ngiri! Twende."

Wakafika. Wakakuta akina Fuko wamefunga mizigo. Mama amebeba mtoto mgongoni, mtoto mbavu zinahesabika. Bi Kanga akapiga magoti pale pale kwenye vumbi.

"Mzee wangu, usihame. Niambie nifanye nini."

Mzee Fuko akaweka mzigo chini. Halafu akasema neno moja.

"Shuka."

"Nishuke wapi?"

"Shimoni. Kwetu. Wewe unatugawia, hujawahi kuingia kwetu. Shuka."

Siku zile Kanga alikuwa na manyoya mpaka kichwani, laini, yamelala vizuri. Akatazama shimo. Jembamba. Lina giza. Akavuta pumzi, akaingiza kichwa. Shingo ikapita. Mabega yakakwama.

"Sukuma, Ngiri!"

Ngiri akasukuma, hiii! Manyoya ya kichwa na ya shingo yakabaki mlangoni, puku puku puku. Akapita.

Humo ndani, jamani, Bi Kanga aliinamisha kichwa kama mtu aliyeingia nyumba ya heshima. Aliukuta mfereji. Mrefu, haukuwa na mwisho. Kuta zimesuguliwa zikalainika kama chungu. Kila hatua alama za meno, alama za kucha. Kazi ya miaka na miaka. Kazi ya babu zao. Na huko juu hakuna aliyeijua.

"Yote hii mmefanya nyinyi?"

"Nani mwingine?" akajibu Mzee Fuko, aliyemfuata nyuma.

Wakaenda, wakaenda, mpaka wakafika mahali udongo umeporomoka. Umeziba. Upande wa pili maji yanasikika yanalia, gulu, gulu, yanataka kupita, hayawezi.

Mara, huko juu, wakasikia: kwata! kwata! kwata! kwata! Udongo ukatikisika. Vumbi likamwangukia Bi Kanga kichwani.

"Nini hicho?"

"Sijui," akasema Mzee Fuko. "Kimeanza msimu uliopita. Kila siku asubuhi, kwata kwata kwata. Ndicho kinachobomoa."

Bi Kanga akapanda juu mbio. Akatokea tundu la karibu. Unajua alitokea wapi? Chini ya mkuyu, katikati ya uwanja wa Pundamilia! Akawakuta wanazunguka. Hawafagii, hawana hata pa kwenda. Wanazunguka tu, duara, duara, jasho linawatoka.

"Bwana Milia!" akamwita mkubwa wao. "Mnafanya nini?"

Bwana Milia akasimama, akahema. "Aa, Bi mkubwa! Tunafanya kazi, si unaona?"

"Kazi gani?"

"Kazi ya... ee... ya nyayo." Akainamisha masikio. "Tukienda kufagia njia za mbali, Bi mkubwa, uwanja wetu unabaki mtupu. Tena tukifagia, mkia unafuta nyayo zetu wenyewe. Ngiri akija anasema tumelala. Tuna watoto. Tukaona bora tuzunguke hapa hapa."

Bi Kanga akakaa chini. Puu. Akaelewa yote kwa mara moja. Waliofanya kazi walikosa nyayo. Wenye nyayo waliacha kazi. Na nyayo zenyewe ndizo zilizoangusha mfereji.

Siku ile ile tarumbeta ya Tembo ikalia, paaa! Bonde zima likakusanyika mbele ya ghala. Wana kiu, wana hasira.

Ngiri akamsogelea Bi Kanga, akamnong'oneza, "Bi mkubwa, usiseme ni sisi. Sema ni ukame. Nani atajua?"

"Ngiri, mwanangu, ukame haukuukanyaga mfereji. Tumeukanyaga sisi, kwa desturi yetu."

Akapanda juu ya gogo. Kichwa kipara, shingo tupu, kajaa udongo. Wanyama wakaanza kucheka. "Ametoka kinyozi gani huyu?" Yeye hakujificha. Alisema yote. Nilimfukuza Mzee Fuko. Nilitazama nyayo, sikutazama kazi. Kosa ni langu. Mkitaka mwangalizi mwingine, mchagueni sasa hivi, lakini mfereji uchimbwe leo.

Kisha Korongo mmoja mzee akasema, "Umekosea, ukashuka. Mwingine angekosea, akapanda mti. Baki hapo hapo, mama. Tuambie tufanye nini."

"Eeee!" wakaitikia.

Hapo ndipo mngemwona Bi Kanga! Hakugawa chakula tu. Aliwaunganisha. "Pundamilia, chukueni viazi ghalani mpeleke kwa akina Fuko, mzunguke njia ya mbali, msikanyage juu ya mfereji. Nguchiro, mna kucha, shukeni. Korongo, mna midomo mirefu, pimeni udongo umeziba mpaka wapi. Ngiri..."

"Mimi mkaguzi," akasema Ngiri.

"Leo mchimbaji. Una pembe, una pua. Twende."

"Na Mzee Fuko?" mtu akauliza.

"Mzee Fuko ndiye msimamizi. Wote tunamsikiliza yeye."

Akina Fuko wakafungua mizigo. Wakala. Watoto wao wakala viazi mpaka wakasinzia mdomo umejaa. Halafu wakapanua mlango wa shimo, kazi ikaanza. Kwaru, kwaru, kwaru! Ngiri alichimba kwa hasira, akatoa udongo, lundo kubwa kama ng'ombe wawili. Siku ya kwanza, kwaru kwaru. Siku ya pili, kwaru kwaru. Mzee Fuko anapita katikati yao, anapapasa ukuta, anasema, "Hapa sugua tena. Hapa sawa. Wewe Ngiri, si mbaya, kumbe hiyo pua ina kazi."

Siku ya tatu, juu kule bwawani, yatima wa Korongo wamekaa wanangoja. Wakasikia: ti. Wakatega masikio. Ti... ti... Kisha chururu! Kisha bwaaa! Maji yakaja yamebeba majani, yamebeba povu, yakajaa bwawa. Wanyama wakaingia na nguo zao. Twiga akanywa. Konokono akanywa. Bwana Milia akalia machozi, akasema ni maji yamemrukia machoni.

Tangu siku ile desturi ikabadilika. Kabla ya kugawa, Bi Kanga na Ngiri walikwenda kufanya kazi siku nzima na kila kikundi. Walilea yatima na Korongo. Walifagia njia za mbali na Pundamilia. Walishuka na akina Fuko. Jioni mgongo unauma, ndipo wanajua nani apewe nini. Na vikundi vyenyewe vikajuana, vikasaidiana. Manyoya ya Kanga hayakuota tena kichwani mpaka leo. Mwulizeni kama anaona haya. Atainua shingo yake tupu juu, atawaambia, "Hii niliipata kazini!"

Lakini bado sijamaliza. Siku ile maji yalipojaa, walimtoa Mzee Fuko shimoni, wakambeba juu juu mpaka bwawani. "Hotuba! Hotuba!"

Mzee Fuko akafuta tope puani.

"Hotuba sina. Nasikia maji, yametosha kusema. Ila kule kwenye kona ya pili kuna udongo bado umelegea. Nani anashuka na mimi?"

Loo! Bonde zima likanyanyuka, Tembo mbele, wanakimbilia shimoni, kwata kwata kwata!

"Polepole!" akapiga kelele Mzee Fuko. "Mmoja mmoja, mtaubomoa tena!"

Basi, wakubwa na wadogo, somo ni hili. Anayeshika chakula cha wote asikae mlangoni kungoja kuonyeshwa kazi. Aifuate ilipo, hata chini ya ardhi, aishike kwa mikono yake. Na akikosea, aseme amekosea, watu watamsaidia.

Hadithi yangu imeishia hapo hapo, penye maji. Mwenye kiu akanywe.