Salamu ya Kwenye Kona ya Skrini

Wapendwa, mfikirieni kijana mmoja mwenye digrii. Digrii safi, first class, imetiwa fremu na inakusanya vumbi sebuleni kwa mama yake. Jina lake tuliache, maana nikilitaja nusu ya safu za nyuma zitaitikia.

Huyu kijana alikuwa na kompyuta aliyoipenda sana. Ndani yake aliweka Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, tena ile aina isiyongoja toleo jipya la mwaka. Mabadiliko yake huja kila siku, kidogo kidogo, kama maji ya mfereji, na sheria yake ni moja: ukifungua, unachukua yote. Hutaki? Acha yote. Nusu hakuna.

Kule hosteli walikuwa wanne chumba kimoja, wote wagonjwa wa ugonjwa huo. Asubuhi, kabla hata ya chai, wana-update. Kitu kikivunjika wanakitengeneza pamoja, huku sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, inatokota kwenye koili waliyoificha chini ya kitanda, msimamizi asiione. Nani hapa amewahi kula githeri ya hosteli akaisahau? Ilikuwa na mawe, lakini ilikuwa na watu.

Rafiki yake wa kitanda cha juu akamwandikia kijiprogramu cha utani. Kila akiwasha kompyuta, salamu inatokea kwenye kona ya skrini: "Amka, Profesa! Mandazi hayakungoji, na yule dem pia hakungoji." Kesho yake, tusi lingine. Walicheka mpaka wa chumba cha pili wakapiga ukuta.

Halafu wakahitimu. Kofia juu, picha, pilau, finished. Chumba kikapewa watu wengine. Rafiki wa kitanda cha juu akapata kibarua mji mwingine, na kijana wetu akarudi kwa mama. Na huko akagundua kwamba ile salamu inaelewana na desktop, yaani sura ya skrini, ya wakati ule tu. Aki-update, salamu inakufa. Mngefanya nini? Yeye alifunga mfereji. Hakuchukua chochote tena. Kila asubuhi anawasha, anatukanwa na rafiki yake, anacheka peke yake, anaendelea kutuma maombi ya kazi.

Siku moja akajibiwa! Interview, kwa video, saa nne asubuhi. Mama mtu akazima redio, akafukuza kuku uani wasije wakaaibisha familia. Kijana akavaa shati na tai juu, kaptura chini, akafungua ukurasa wa interview. Ukamwambia browser yako ni ya zamani mno, huingii. Na simu yake ni mulika mwizi, haina video.

Muda wa ku-update yote ulikuwepo. Alifanya nini? Akachukua browser peke yake. Ikamlilia inataka faili fulani jipya, wanaloliita library, akaipa hilo moja. Akazima, akawasha. Skrini nyeusi, maandishi meupe, kona haina salamu.

Akampigia rafiki wa kitanda cha juu.

"Profesa! Umefufuka?"

"Wacha mchezo. Mashine imekufa na niko na interview saa hii."

"Ulifanya nini?"

"Nilichukua browser tu. Na library moja."

"Moja tu! Si wewe ndiye ulikuwa unatukana watu kwenye forum kwa kosa hilo hilo? Umesoma ile wiki ya maelekezo mtandaoni, ama nikutumie link?"

"Bro, please."

"Sawa, tulia. Hakuna kilichopotea. Mabaki ya zamani bado yako ndani, unaweza kurudisha mashine vile ilikuwa, lakini interview usahau. Ama uchukue update zote sasa hivi, yote, uwahi. Andika hivi nikuambie."

Kijana hakuandika. "Na ile salamu?"

"Salamu gani?"

"Ile yako. Ya asubuhi."

Rafiki akacheka. "Bado uko na hiyo kitu? Hiyo itakufa, desktop mpya haiijui. Niliiandika nikingoja githeri iive, man. Njoo kwangu wikendi tuandike nyingine."

"Haitakuwa ile."

"Hata mimi si yule. Andika bwana, saa inaenda!"

Kijana akakata simu. Akaandika amri. Mama mlangoni ameshika moyo. Skrini ikawaka, picha ile ile ya nyuma, rangi zile zile, na kwenye kona: "Amka, Profesa! Leo umechelewa kuliko jana."

Alikuwa amerudisha ya zamani.

Akakaa pale, tai shingoni, anatabasamu na macho yamejaa maji. Kule kwenye interview wakaita jina lake, kisha wakaita la mwingine. Na juu ya meza simu ilikuwa inaita. Ni rafiki wa kitanda cha juu, anataka kujua kama imekubali. Inaita, inaita. Kijana anasoma salamu ya rafiki yake, na rafiki yake hapokelewi.

Mbona mmeacha kucheka?

Kukumbuka si dhambi, jamani. Lakini sisi tunaomba vipi? "Bwana, badilisha kazi yangu tu." Library moja! Mengine yakiguswa tunanuna. Na ninyi wazazi, mnaotuambia enzi zenu mtu alimaliza chuo Ijumaa, Jumatatu yuko ofisini: with all due respect, mnatupa ramani ya mji uliobomolewa, halafu mnatulaumu tukipotea. Nasi vijana tunajifungia na sifa za campus, eti nilikuwa nani. Ulikuwa. Hata ushuhuda tunaoutoa hapa madhabahuni ni wa mwaka ule ule, tunaupangusa kila Jumapili.

Mtaniambia Mungu habadiliki. Ni kweli. Lakini nani aliwadanganya kwamba amenyamaza? Tumezoea alichotuambia zamani, kitamu, tunakijua kwa moyo, na leo akisema neno tunaona anatusumbua. Sisi tunaomwita Mungu aliye hai tumejenga nyumba ndani ya jana, tukafunga na mlango. Aliye hai anabisha upande wa leo. Simameni, tufungue.