Kisima cha Kilimani

Palikuwa na Sultani mmoja, jina lake Badru, ambaye ugonjwa wake ulikuwa kurithi. Akipita penye shamba zuri, anakumbuka babu. Penye shamba bovu hakuwahi kumkumbuka mtu. Safari hii alikumbuka kwamba bonde la mpunga la Kisimani, mji wetu sisi, ni la babu yake, Sultani Hemedi, kwa kuwa ndiye aliyeuanzisha mji. Akatuma neno: mpunga ulioiva usiguswe, atauvuna mwenyewe, nasi tutafute pa kuhamia.

Sasa niwaambieni habari za mji huo, na wa kucheka acheke mapema. Unaitwa Kisimani. Mgeni akisikia jina huja na ndoo. Lakini kisima chetu kiko juu ya kilima, na hakijatoa maji hata ya kunawa kidole. Mwanzilishi wetu alifika pale na jembe lake, mto unapita chini yake, mpana, unang'aa, yeye akaanza kuchimba kileleni. Wenzake wakamwambia ashuke. Akasema kesho. Akazeeka akisema kesho. Jina lake tumelisahau, ila kazi yake hatujaiacha. Kila mwaka mpunga ukipiga manjano, mji mzima hupanda kilimani siku moja kuchimba zaidi, maana hakuna kizazi kinachotaka kuwa ndicho kilichoshindwa. Tukimaliza, tunashuka mtoni kunywa maji.

Wimbo wa kuchimbia tunao pia:

*Mwanzilishi wetu ee, jembe begani,*
*Kauacha mto chini, kachimba kilimani!*

Vibarua wa kuvuna hutoka vijiji saba, hujifunza wimbo huo, na huondoka nao. Ndivyo tulivyopata umaarufu.

Sultani alikuja siku hiyohiyo ya kuchimba. Alitukuta na majembe mikononi, vumbi hadi kwenye nyusi. Alikuja na hati yake, na kadhi wa kuigonga muhuri, na askari wa kuitikia.

Msidhani hatukujiandaa. Wazee walikaa vikao vitatu. Cha kwanza kiliamua nani akalie mkeka upi. Cha pili kiliahirishwa. Cha tatu kikamchagua msemaji, naye ni mtu wa ukoo wangu mimi, kwa hiyo nawaomba msimcheke sana. Alisimama mbele ya Sultani, akamwamkia mara nne, akaulizia hali ya watoto, akaulizia hali ya farasi, akakaa. Utetezi wetu ukaishia hapo. Wanawake wakaanza kulia, na hawakulia bure: bila mpunga ule tulikuwa hatuna chakula cha mwaka.

Ndipo aliposimama Mize Ngwali. Mjane, shamba lake bondeni linatosha kutandika mkeka mmoja na nusu, na ana ulimi ambao marehemu mumewe aliwahi kuomba uzikwe kabla yake.

"Sultani wangu," akasema, "hati yako ni ya kweli. Babu yako ndiye aliyeuanzisha mji huu."

Tukaguna. Mtu akamvuta kanga. Sultani akatabasamu.

"Mnasikia? Mji mzima, mwenye akili ni mjane peke yake!"

"Na kisima hiki, bwana, nacho ni chake?"

"Kila kitu hapa ni chake."

"Alikichimba yeye mwenyewe?"

"Kwa mkono wake."

"Shehe kadhi, umeandika hilo?"

"Nimeandika."

"Ahsante. Miaka yote hii tunamwimba mtu bila jina, aibu tupu." Akatugeukia. "Jamani, jina limepatikana! Itikieni!"

*Sultani Hemedi ee, jembe begani,*
*Kauacha mto chini, kachimba kilimani!*

Tukaitikia. Tungeachaje? Kuimba ndiyo kazi pekee tunayoweza kuifanya pamoja bila kikao. Askari wawili nao wakaitikia, kabla hawajakumbuka kwamba wao ni askari.

"Nyamazeni!" Sultani akafoka. "Atakayeuimba wimbo huo nitamkata ulimi!"

"Basi hatuimbi, bwana. Vibarua wakija kuvuna mpunga wako watauliza mbona Kisimani kumekuwa kimya. Tutawaonyesha hati tu. Wajisomee."

Kadhi alikuwa ameinua muhuri. Mkono ukamganda hewani.

"Mtukufu, nigonge au nisigonge?"

Sultani akakitazama kisima. Akautazama mto. Farasi wake alikuwa ameshautazama zamani, na alikuwa anataka kwenda.

"Babu yangu hakuwa mjinga!"

"Sijasema hivyo, bwana. Umesema alichimba."

"Mtu aliyeuacha mto ule akaja kuchimba huku hawezi kuwa wa ukoo wangu! Kadhi, futa! Andika: mwanzilishi wa mji huu si mtu wetu, hatumjui, wala hatutaki kumjua!"

Kadhi akaandika mbio, akagonga muhuri, akapuliza wino ukauke. Nasi tukaanza kupigiana makofi ya mgongoni, kama kawaida yetu, mapema mno. Sultani alikuwa hajamaliza.

"Vyema," akasema. "Babu yangu hayumo. Basi bonde halina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe ni cha Sultani."

Tukanywea tena.

"Lina mwenyewe, bwana," Mize akajibu. "Mjinga huyo ni babu yetu sisi."

"Aliitwa nani?"

"Tumesahau."

"Mna hati?"

"Hatuna."

"Mna shahidi?"

"Walishakufa wote."

Sultani akacheka mpaka kilemba kikakaa upande. "Hamna jina, hamna hati, hamna shahidi! Kadhi na aamue: watu hawa watathibitishaje kwamba wao ni wajukuu wa mtu yule?"

Mize akajipangusa vumbi usoni kwa upindo wa kanga.

"Bwana," akasema, "ulipofika umetukuta tunafanya nini?"