Kibuyu Mgongoni mwa Mbuni

Nitoe, nisitoe?
— Toa!
Nikitia chumvi?
— Tia, tuonje!
Basi kaeni vizuri. Na wewe unayekoroma pale, koroma kwa zamu.

Zamani, kiangazi kilipokuwa hakijafundishwa adabu, kilikuja nchi ya wanyama kikakaa kama mgeni asiye na kwao. Mito ikakauka. Ikabaki chemchemi moja, na aliyejua pa kuichimba ni Kobe. Hapo nampa haki yake. Tena ana huruma. Akaanzisha Chama cha Maji: mwenye nguvu aje anywe, alete matunda, matunda yawalishe wachukuzi, wachukuzi wampelekee asiyejiweza maji ya bure mpaka mlangoni. Wazo zuri, au siyo?
— Zuri!
Ngojeni msikie aliowaajiri. Kobe, na kobe, na kobe.

Alipoulizwa kwa nini kobe watupu, alisema wao wanaelewana. Na kweli. Sijapata kusikia vikao vyenye maelewano kama vile. Mmoja akisema, wote wanatikisa kichwa, polepole.

Sasa, ng'ambo ya korongo aliishi Bi Digidigi, amevunjika mguu, ana mtoto mchanga. Asipokunywa, maziwa yanakauka. Maziwa yakikauka, mtoto anakufa. Jambo lenyewe ni hilo, mengine ni maneno yangu tu.

Kobe wa kwanza akafunga kibuyu cha maji mgongoni, akatoka alfajiri. Akatembea mchana kutwa. Jua kali, na mchukuzi naye ana koo. Akafika jioni na kibuyu kitupu na salamu za mwenyekiti. Kesho yake akaenda wa pili: kibuyu kitupu, salamu tele. Siku ya tatu akaenda wa tatu, na huyo hata salamu alizisahau njiani. Bi Digidigi akawa analamba umande wa majani. Kikaoni taarifa ikasomwa kwamba maji yote yamefika, ila yamefikia tumbo jingine. Wakatikisa vichwa.

Mbuni akaja kuomba kazi, ana miguu. Kobe akamwuliza gamba liko wapi. Akaja Ngedere, ana mikono. Gamba liko wapi? Akaja Nguchiro, anapenya kila mwiba. Gamba liko wapi? Watu wakaanza kusema chama hiki ni cha ukoo mmoja. Kobe akaona haya, akatangaza kwamba kuanzia leo atachanganya wafanyakazi.

Akamwajiri Konokono.

Msicheke, mwenzenu alikuwa na gamba. Akapewa kibuyu, akapigiwa makofi, akaondoka. Makofi yakaisha, bado wanamwona.

Nguchiro alikuwa hana ghala wala pembe. Alikuwa na salamu. Kila asubuhi hupita kichaka kwa kichaka akiwajulia watu hali, na kwa kupitapita huko akajua nani kahama, nani mgonjwa, nani na nani hawasemezani. Siku hiyo akamkuta Bi Digidigi amemkumbatia mwanawe, na mtoto hasimami tena. Nguchiro akalia, nasema alilia, kisha akajifuta akaenda kwa Mbuni na Ngedere. Akapasua vibuyu vikavu katikati, akamfunga kila mmoja nusu mgongoni, naye akajifunga yake, wakaenda kwa Kobe.

Kobe akawatazama sana.

"Huyu kobe ana shingo ndefu," akasema.

"Ametoka bara," Nguchiro akajibu. "Kule nyasi ni ndefu."

"Na huyu ana mkia."

"Wa upande wa mama."

Akawaajiri. Magamba si yapo?

Kobe wa chemchemi wakajaza maji, maana kuchota bila kuvuruga tope hakuna anayewapita. Mbuni akapokea, akakata mbuga. Ngedere akapokea, akavuka korongo kwa matawi. Nguchiro akapokea, akapenya miiba. Kabla jua halijafika utosini, Bi Digidigi alikuwa anakunywa. Akanywa, akapumzika, akanywa tena. Jioni mtoto akanyonya. Siku ya tatu akasimama.

Nguchiro akaendelea na salamu zake. Kila aliposalimia, Chama kikapata mtu: huyu anajua njia, yule ana jamaa ng'ambo, wote na nusu kibuyu mgongoni. Matunda yakajaa. Kobe akaitisha mkutano mkubwa pale chemchemini, akahutubia tangu asubuhi juu ya nguvu ya gamba. Jua likawaka. Bi Digidigi alikuwapo, mguu umepona, na mwanawe akaanza kulia kiu. Chombo cha kumchotea hakuna.

Mbuni akafungua gamba lake, akaligeuza, akalijaza maji, akamwekea mtoto mbele.

Shingo ndefu, manyoya, mgongo mtupu. Mkutano mzima unamtazama Kobe, na Kobe anatazama chini. Nguchiro akashika kamba ya gamba lake, tayari kufukuzwa.

Bi Digidigi akasema taratibu, "Mwenyekiti, mwanangu hajaniuliza maji yameletwa na gamba gani. Ananiuliza kama yamebaki."

Kobe akafikiri. Mnajua anavyofikiri, tusingemaliza leo. Mwishowe akakohoa, akasema amegundua kwamba wako kobe wanaoweza kuvua magamba, na kuanzia sasa wanaruhusiwa kuvua wakiwa kazini, maana kumbe yanapunguza mbio.

Wote wakatikisa vichwa. Ndiyo maana mpaka leo, katika kitabu cha Chama, Mbuni ameandikwa kobe, na Kobe huzunguka nchi nzima akifundisha alivyobuni kuchanganya wafanyakazi. Maji yanafika, kwa hiyo Nguchiro hajambishia. Ana salamu za kupeleka.

Nimeirudisha nilikoitoa. Chumvi imezidi?
— Imekolea!
Basi inukeni mwende. Mkipita njia ya korongo mtamkuta Konokono, bado anakwenda na kibuyu chake. Mwambieni pole kwa safari. Mwambieni pia kwamba yule mtoto siku hizi ana wajukuu.