Masinia Uani kwa Bibi

Ndugu zangu, funikeni vitabu kidogo, na yule anayesinzia pale nyuma jirani yake amguse bega, maana leo nina habari ya binti mmoja mpiga picha.

Binti huyu hakusomea kazi hiyo popote. Alianza na simu ya mama yake iliyopasuka kioo, akipiga picha za kuku, za nguo kwenye kamba, za mvua ikichuruzika kwenye bati. Kamera ilikuja baadaye, ya mtumba, haina hata mkanda, akaishonea mkanda wa kitenge. Mengine aliyaona kwenye video, mengine aliyaharibu mara kumi mpaka yakakubali. Na alikuwa anaweza jamani, tusimnyime haki yake. Maharusi walimgombania.

Ila alikuwa na ugonjwa mmoja. Ukimwambia, "Lete nikushikie begi," anakujibu, "Acha tu, nina mikono." Vijana wenzake wapiga picha pale mjini walikuwa na kikundi chao, wanaazimana vifaa, wanakosoana kazi, wanacheka. Walimwita mara tatu, hakwenda. Alikuwa akisema, "Aliyenifundisha ni mimi, na wa kunisahihisha ni mimi." Mnacheka? Mnamjua mtu wa namna hiyo? Basi msigeuke kumtazama, tuendelee.

Katika kata yao alikuwapo bibi mmoja mkunga, mwenye miaka tisini na kitu. Watu wengi wa pale walizaliwa mikononi mwake. Mwaka ule bibi alianguka, nyonga ikavunjika, na daktari akasema asiinuliwe kitandani hata kidogo. Akawa analala chumba cha nyuma, chenye dirisha moja dogo linalotazama uani. Paa lilikuwa limeshuka sana upande ule, kwa hiyo jua lilipita nje na chumba kikabaki giza saa sita mchana.

Siku moja mkwe wake, yule mama aliyekuwa akimuuguza, alipekua makabati yote akagundua jambo lililomuuma. Hakukuwa na picha ya bibi. Ilikuwapo moja tu, ya kitambulisho, amekodoa macho kama mtu aliyesingiziwa wizi. Kila nyumba ilikuwa na picha ya mama na kichanga chake, lakini picha zile zilipopigwa, bibi alikuwa ameshaondoka zamani, yuko njiani kwenda kwa mzazi mwingine.

Mkwe akamwendea binti. "Mwanangu," akasema, "mama anapungua kila siku. Tunaomba picha moja tu, aonekane alivyo, akiwa hai. Tukimkosa sasa, tumemkosa moja kwa moja."

"Hilo niachie mimi, mama," binti akajibu.

Akaenda. Akawasha flashi ya kamera, na bibi, ambaye macho yake yalikuwa yanauma siku nyingi, akajifunika uso kwa mikono yote miwili, machozi yakamtoka. "Mjukuu wangu," akasema, "hiyo radi yako inaniumiza. Kama picha ni lazima iwe hivyo, basi niache."

Akaenda mara ya pili, bila flashi. Picha zikatoka chenga tupu, uso wa bibi kama umemwagiwa mchanga. Binti akarudi nyumbani, akazifuta zote, akakaa kitandani na kamera mapajani. Nawaambieni kweli, aliogopa. Wale vijana wa kikundi walikuwa na taa laini za kupigia ndani, zisizoumiza macho. Ilikuwa kazi ya simu moja. Hakupiga. Bibi anapungua, na huyu anaona aibu kusema neno "naomba." Sijui kwa nini neno hilo ni zito hivyo mdomoni mwetu, lakini ni zito.

Jumamosi iliyofuata jumuiya ilikuwa inasali kwa bibi. Mnajua mambo ya jumuiya: sala, halafu chakula. Binti alifika mapema asubuhi, kabla watu hawajajaa, akitaka kujaribu tena. Alikuwa amepiga magoti ndani, kando ya kitanda, kamera mkononi, hana ujanja wowote mpya. Nje uani akatokea mama mmoja amebeba sinia la kupakulia chakula. Ni sinia la jumuiya, mnayajua masinia yetu, ya alumini, yana alama ya rangi nyekundu chini yasipotee misibani. Mama yule alikuwa amelisugua kwa majivu likang'aa kweli. Akageuka kumsalimia mtu, na jua likapiga kwenye sinia.

Mle ndani doa la mwanga, ukubwa wa chapati, likaruka ukutani, likateleza kwenye shuka nyeupe, likapanda mpaka shavuni kwa bibi. Na bibi hakujifunika. Alitabasamu.

"Nani huyo ameniletea jua?" akauliza. "Sijaliona tangu tulipovuna mahindi."

Binti akasimama dirishani. Yule mama alikuwa ameshaanza kuondoka na sinia lake, na mwanga nao ukawa unaondoka shavuni kwa bibi.

"Mama!" binti akaita. "Mama, naomba unisaidie."

Ndiyo hilo, lilimtoka.

"Nikusaidie nini, mwanangu?"

"Rudi hapohapo ulipokuwa. Elekeza sinia dirishani, kwenye shuka, usimpige machoni."

Mama akarudi. Lakini sinia moja lilitoa mwanga wa sinia moja, bado haukutosha. Binti akavuta pumzi. "Naombeni na wengine," akasema.

Mwenyekiti wa jumuiya, mzee mwenye kofia yake ya pama, hakuuliza kwa nini. Aligeuka tu akapaza sauti, "Masinia yote yatoke nje!" Yakatoka. Na walioyashika si watu wa kamera, jamani. Mmoja ni fundi uashi, ndiye aliyejua kupanga pembe. "Wewe inua kidogo. Wewe laza. Hapo, hapo, usipumue!" Mwingine ni mwalimu wa kwaya. Mwingine ni mama aliyekuja na kitenge kipya chenye ndege wakubwa, na huyo aliuliza swali ambalo wengine walilimeza.

"Na sisi tutatokea kwenye picha?"

"Hapana, mama," binti akasema. "Hii ni ya bibi peke yake."

"Yaani na kitenge changu hiki chote?"

Watu wote uani wakacheka. Mama akacheka na yeye, kisha akachukua sinia akasimama mwisho wa mstari. Mnalisikia hilo? Aliambiwa hatatokea, na akashika sinia.

Wakawa tisa. Mikono ilitetemeka, mwanga ukatetemeka nao mle ndani kama maji. Mwalimu wa kwaya akasema, "Vuteni pumzi pamoja, kama tunavyoanza wimbo." Wakavuta. Mwanga ukatulia.

Ndugu zangu, chumba kile kilifunguka. Ukuta wa chokaa ukawa mweupe kuliko siku ulipopakwa. Vumbi likaelea polepole, linang'aa. Bibi akainua mkono wake, akautazama mbele, akautazama nyuma, kama anauona kwa mara ya kwanza, ule mkono uliopokea kata nzima. Kisha akaelekeza uso dirishani, mikunjo yake yote imejaa nuru laini, bila maumivu. Mkwe wake mlangoni akaanza kulia. Binti naye alikuwa amerudi kupiga magoti kando ya kitanda, kamera usoni, na alisahau kubonyeza. Alishangaa tu. Fundi akapiga kelele nje, "Mikono inakufa ganzi huku!" Ndipo akakumbuka. Akapiga tatu.

Alasiri, nyumbani, akazifungua kwenye kompyuta. Mpiga picha akimaliza kupiga uso, kitu cha kwanza anachokagua ni macho, maana macho yakiwa na ukungu picha imeharibika. Basi akakuza jicho la bibi. Akakuza tena.

Ndani ya mboni ya bibi kulikuwa na dirisha, dogo kama punje ya mchele. Na ndani ya dirisha kulikuwa na watu. Akahesabu masinia: tisa. Kofia ya pama ya mwenyekiti ilikuwapo. Mwisho wa mstari alikuwapo mtu mnene aliyevaa rangi za kila aina. Na mbele yao, chini kabisa, kivuli cha mtu amepiga magoti, kitu cheusi kimemfunika uso. Alikuwa yeye mwenyewe.

Akampigia simu mama wa kitenge. "Mama, mmetokea."

"Tumetokea wapi tena? Si ulisema ya bibi peke yake?"

"Mmetokea kwenye jicho lake. Wote."

Jumatatu akampelekea bibi picha, na kando yake akachapisha jicho lile likiwa limekuzwa ukubwa wa sahani. Bibi hakuhangaika na sura yake. Alichukua lile jicho, akalisogeza karibu kabisa na uso, akaanza kugusa kwa kidole, mmoja mmoja. "Huyu fundi alitanguliza miguu, alinisumbua usiku kucha. Huyu mwalimu alizaliwa hana sauti, nikampiga makofi mpaka akalia. Huyu wa kitenge alikuja pacha. Mwenyekiti huyu, nilimpokea shambani, chini ya mvua." Kidole kikafika kwa kile kivuli kilichopiga magoti. "Na wewe," akamwambia binti, "ulikuja huku umefumba macho, umekunja ngumi, hutaki kushikwa na mtu."

Akalilaza jicho lile kifuani. "Wote hawa niliwatoa gizani mimi," akasema. "Sikujua kama na wao watanitoa."

Sasa, wapendwa, sisi tunaringia nini? Kuna mtu hapa aliyejipokea mwenyewe siku ya kuzaliwa? Ainue mkono tumwone. Hayupo. Kila kipaji kilichomo humu ndani, cha kuimba, cha kushona, cha kupiga picha, cha kuhubiri pia, nami najisema, kilishikwa na mikono ya mtu kikiwa bado kinalia. Halafu tunakua, tunaweka mkanda begani, tunasema, "Nina mikono." Tunawaacha wenzetu wamesimama uani na masinia yao yanang'aa bure, kwa sababu tumeshindwa kusema neno moja dirishani. Na wengine wetu tunagoma kushika sinia mpaka tuhakikishiwe kwamba tutatokea.

Nami nawaambia, mtatokea. Iko siku Mungu atainama juu ya maisha ya kila mmoja wetu, ataangalia jicho, atalikuza, atalikuza tena, na hatatafuta sura yako humo. Atahesabu waliosimama dirishani. Kabla hujatoka leo katika nyumba hii, mtafute mmoja wao, umwambie kwamba umemwona.

Tusimame tusali.