Kigogota na Ulalo wa Bure

Paukwa!

"Pakawa!"

Mmekula ugali wote ule na sauti ndiyo hiyo? Paukwa!

"Pakawaaa!"

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mafundi wao, Kigogota ndiye aliyekuwa seremala. Mdomo wake ndio tezo, mdomo wake ndio patasi. Na mwiko wake ulikuwa mmoja: hatumii mti kabla hajaugonga na kuuliza.

*Gogo, gogo, niambie,*
*u mzima, u mgonjwa?*
*Mtoto wa mtu apite,*
*au maji yamchukue?*

Gogo zima huitika, ngo! ngo! Lililooza ndani huitika, pwe! pwe!

"Pwe!" Mbwana akaiga.

Pwe kama kichwa chako. Sikiliza.

Katikati ya mto palikuwa na kisiwa chenye majani mabichi. Siku moja maji yalikuwa machache, watoto wa Mama Paa wakavuka kwenda kula. Mara milimani kukanguruma. Mto ukapanda, ukayameza mawe ya kuvukia. Watoto wakabaki kule wanalia, "Mama! Maji yanakuja!"

"Watakufa, Shangazi?" Chausiku akauliza.

Mimi nimefika huko? Tulia.

"Si Nyati awaogelee?"

Mto ulikuwa unabeba mawe, Chausiku. Nyati angekwenda kama kikapu.

Mama Paa akapiga yowe, wanyama wakaja mbio. Kigogota akasema, "Nipeni gogo moja refu, nilaze ulalo wa kuvukia. Ujira sitaki."

Nyati akaburuta gogo la mkuyu. "Zawadi yangu hiyo! Laza upesi!"

Kigogota akatua, akagonga, akaimba. *Gogo, gogo, niambie...*

"Pwe! Pwe!" Mbwana na wenzake wakaitika.

"Limeoza, Mzee Nyati. Halivushi mtoto."

Nyati akafoka. "We ndege! Zawadi inakaguliwa mbele ya mwenyewe? Umeambiwa hii kazi ya kulipwa? Ni ya bure!"

"Na mto, Mzee, unajua kwamba kazi ni ya bure?"

Maji yakafika magotini mwa watoto.

Ngiri akasukuma gogo la msufi. "Langu tazama gome lilivyo zuri!" Kigogota akatua, akagonga, akaimba. *Gogo, gogo, niambie...*

"Pwe! Pwe!"

Ngiri akabeua mdomo. "Mama Paa, wanao watakufa kwa maringo ya fundi."

Mama Paa akapiga magoti matopeni. "Fundi, nakusihi, laza hilo hilo. Huenda likashika."

Kigogota akatikisa kichwa. "Mama, huenda haivukiki."

Maji yakafika vifuani.

Kigogota akautazama mvule wake mwenyewe, wenye kiota chake. "Angusheni wangu!" Huo hakuugonga. Mti wake, aliolala ndani yake, augonge wa nini? Nyati akaukumba kwa pembe, ukaanguka, wakaulaza mpaka kisiwani. Vigelegele! Mtoto wa kwanza akainua mguu. Kigogota akagonga, kwa mazoea tu. Mnadhani ukasemaje?

"Ngo!" Mbwana na wenzake wakapiga kelele.

La. Pwe. Taratibu, ndani kabisa, asisikie mtu ila yeye.

Hapo pana kazi. Ameshatukanwa kwa kukataa ya wenzake. Akisema, watamcheka. Asiposema, nani atajua? Na maji yako shingoni. Huenda likashika...

Akaruka mbele ya mtoto, akatandaza mabawa. "Rudi! Usikanyage! Langu nalo limeoza! Nimelitoboa mwenyewe, mvua ikaingia, nikakaa humo bila kuuliza."

Hakuna aliyecheka. Nyati akainamisha kichwa. Kumbe nyuma ya makao yake ulikuwepo mninga mrefu, mzima, anaojikunia mgongo. Alikuwa ameuficha, akaleta mkuyu mbovu, kwa kuwa kazi ni ya bure. Akatimua mbio. Wakasikia kishindo, kisha wakamwona anaburuta mninga, povu mdomoni.

"Gonga, fundi," akasema. "Gonga mbele yangu."

*Gogo, gogo, niambie,*
*u mzima, u mgonjwa?*

"Ngo! Ngo! Ngo!"

Wakaulaza. Watoto wakavuka mmoja mmoja, maji yakiwalamba kwato. Wa mwisho alipokanyaga ukingo, mto ukaunyanyua ule mvule wa Kigogota, ukauvunja katikati kama muwa.

"Wote walifika, Shangazi?"

Wote. Mama Paa aliwanusa kila mmoja, akarudia tena. Pumua sasa.

Na mnisikie, sitarudia. Ukijitolea kazi, nenda na ufundi wako wote. Usiache nusu nyumbani eti hulipwi. Ukitoa, usitoe makapi. Na kilichooza kikiwa chako, sema ni changu, kabla mtu hajakikanyaga.

Hadithi yangu imevuka, imeishia hapo ng'ambo. Mbwana, lete kuni. Na uzigonge kwanza.