Breki ya Kubandika Kwenye Mteremko wa Kilasilo

Mteremko hauulizi breki imezaliwa wapi.

Tangu asubuhi nawasikia mkirushiana maneno hayo, na sasa mnataka kujua yametoka wapi. Mmoja wenu amesema ni ya wahenga. Wahenga gani? Wahenga wa huku waliushuka Kilasilo kwa miguu, ndizi kichwani. Methali hii ni changa kuliko mimi shangazi yenu, na siku ilipoanza nilikuwapo, nimekaa kiti cha abiria, mikono yote miwili imeng'ang'ania dashibodi. Basi sogeeni niwaambie ilivyokuwa.

Kaka yangu Ambokile alioa mara mbili. Mke wa kwanza alifariki akamwachia binti mchanga, Tusekile. Mke wa pili alikuwa Minza, Msukuma wa Shinyanga, ambaye Ambokile alikutana naye walipokuwa wote madereva wa kampuni moja ya kuchimba visima. Minza alimlea Tusekile tangu hajaota meno, na mtoto hakumjua mama mwingine. Kisha Ambokile naye akaugua, akatutoka. Aliacha pikapu kuukuu na tela ya kubebea ng'ombe, ambayo kazi yake ilikuwa kuwashushia wafugaji wa bondeni mitamba wa maziwa kutoka mashamba ya juu. Matanga yalipokwisha, Minza akashika usukani, akaendelea na kazi.

Ukoo wetu haukupendezwa. Walisema mengi, ila la msingi lilikuwa moja: mtu wa tambarare atajua nini habari za milima? Huko kwao, walisema, hata maji hayajui pa kukimbilia.

Sasa kuna jambo lazima mlielewe, vinginevyo hadithi itawapita. Tela nzito ina breki zake yenyewe, za umeme, lakini hazishiki bila kuamriwa. Anayeamuru ni kikasha kidogo kinachokaa mbele ya dereva, mafundi hukiita kontrola. Ukikanyaga breki ya gari, kontrola inaiambia tela nayo ishike. Isipoambiwa, tela inakusukuma kutoka nyuma, na kusukumwa mteremkoni si mchezo. Kontrola ya marehemu ilikuwa imeungua.

Gwakisa, mdogo wake marehemu, alikuwa na pikapu mpya. Kontrola yake ilitoka nayo kiwandani, imezama kwenye dashibodi utadhani imeota humo. Akamwambia Minza auze lile gari bovu, tela ampe yeye. Minza alikataa. Alikwenda mjini, akanunua kontrola dukani, fundi umeme akamfungia kwa skrubu chini ya dashibodi, nyaya zinaning'inia pembeni. Haikuwa nzuri kuitazama, nakiri. Gwakisa akaiita breki ya kubandika. Haukupita muda nikasikia watu wanamwita Minza mwenyewe mama wa kubandika.

Hapo nilikasirika, na hadi leo nikikumbuka nakasirika.

Kikao kikaitwa. Mzee Anyitike, baba yetu mdogo, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo baada ya baba. Alisema tela ndiyo inayomlisha mtoto, kwa hiyo tela na mtoto wakae mahali pamoja, kwa Gwakisa, kwenye damu yake na kwenye gari la kuaminika. Alivyolisema, ungedhani limekwisha. Minza alikuwa amekaa mkekani pamoja nasi wanawake, na mara nikaona anasimama.

Nyinyi wa siku hizi mnapiga picha na wakwe zenu, kwa hiyo hamtaelewa. Kwetu mkamwana hakutazamana na baba mkwe. Wakikutana njiani, mkamwana aliingia porini kumpisha. Minza alisimama, akamtazama Mzee Anyitike usoni, akamjibu.

"Baba, kontrola ya shemeji ni nzuri. Imeunganishwa na breki za gari tangu lilipotengenezwa, zinasikilizana. Ningekuwa na gari lake ningeitumia hiyohiyo. Lakini gari nililo nalo ni hili, na niliyoifunga inashika. Kama mnabisha, nipeni mzigo."

"Na isiposhika?" Gwakisa akauliza.

"Mtanizika, na mtoto mtamchukua. Ikishika, Tusekile anabaki kwangu."

Wanaume waliguna, wanawake wakajifunika midomo kwa khanga. Mimi sikujifunika. Mzee Anyitike alitazama pembeni, maana yeye aliishika mila hata kama mwenzake ameivunja, akasema sawa, mzigo upo. Wafugaji wa bondeni walikuwa wanangoja mitamba wiki ileile. Gwakisa angeazima tela nyingine, ashushe nusu yao, Minza ashushe nusu.

Siku ilipofika nikatangaza kwamba nitapanda na wifi yangu. Mama alinikataza, nikapanda.

Mnajua pale kabla Kilasilo haujaanza kushuka, barabara inalala kidogo. Minza alipofika hapo aliendesha polepole, akauondoa mguu wake kwenye breki, kisha kwa vidole akakivuta kitufe cha kontrola kinachoiamuru tela peke yake ishike. Nikasikia tela inatuvuta nyuma, ng'ombe wakajipanga upya huko ndani. Akazungusha kidogo pa kuongezea nguvu, akavuta tena. Tela ikatushika zaidi.

"Unafanya nini, wifi?"

"Naiuliza kama iko tayari. Mzigo wa leo si wa juzi, hawa mitamba wazito."

Gwakisa alitufikia, akashusha kioo. "Shemeji, bado unaibembeleza tu? Yangu ilishapimwa kiwandani." Akatupita, watoto wa njiani wakampungia. Minza alimaliza alichokuwa anafanya, akashusha gia mapema, ndipo akaanza kuteremka.

Kona za mwanzo zilipita salama. Kisha nikaona taa za breki za Gwakisa zimewaka na hazizimiki tena, na harufu ya kuungua ikatuingilia dirishani. Tela yake ikaanza kutikisa mkia, kushoto, kulia. Alikuwa anakanyaga kwa nguvu zake zote, lakini gari peke yake lilikuwa linajishikilia na kuwashikilia na ng'ombe. Kwenye kona ya mashamba ya chai tela ikamsukuma ubavu. Pikapu mpya ikaingiza pua mtaroni upande wa mlima, na tela ikasimama katikati ya barabara, imeiziba yote.

Nasi tulikuwa nyuma yake, tumejaa ng'ombe.

Nilikanyaga sakafu kama vile ndiko breki iliko. Minza alikanyaga ya kweli. Nikasikia tela yetu inashika pamoja na gari, inatuzuia badala ya kutusukuma, na kile kikasha kibaya chini ya dashibodi kikawasha taa yake nyekundu. Tukasimama. Kati yetu na tela ya Gwakisa palibaki nafasi ya mtu kupita, si zaidi. Mimi nilikuwa namwomba Mungu kwa Kinyakyusa, yeye kwa Kisukuma, na bila shaka alitusikia wote.

Gwakisa alitoka ameumia mkono. Minza aliweka mawe kwenye matairi ya magari yote mawili kwanza, akawatazama ng'ombe, wote walikuwa hai. Kisha akaingia kwenye gari la Gwakisa, akawasha, akaisoma ile kontrola ya kiwandani.

"Shemeji, njoo uone. Nguvu ya breki za tela iko sifuri. Uliipanga lini?"

"Siigusi," Gwakisa alisema. "Imetoka kiwandani imekamilika."

"Kiwandani hawakujua utabeba nini."

Gwakisa alikaa chini pale barabarani. Baadaye akasema, kwa shida, "Kumbe ya kubandika ndiyo nzuri."

Mngemwona Minza. Mwingine angeipokea sifa hiyo akaenda nayo nyumbani. Yeye ilimchukiza.

"Usinisifie kikasha," alisema. "Ningekiacha sifuri kama ulivyoacha chako, saa hizi ningekuwa juu ya paa lako. Mteremko hauulizi breki imezaliwa wapi. Unauliza kama inashika."

Wachumaji wa chai walikuwa wamefika, wakasikia, na ndio walioyapeleka maneno hayo kijijini kabla yetu. Walitusaidia kulisukuma gari, likatoka. Breki zake zilipopoa, Minza aliipanga kontrola ya Gwakisa, akaijaribu hatua chache, akaiteremsha pikapu na tela yake mpaka bondeni, kisha akarudi kulichukua gari lake. Ile ya kiwandani ilishika sawasawa. Haikuwa na kosa lolote, maskini, ilinyimwa kazi tu.

Mngedhani yaliishia hapo. Nami nilidhani hivyo, kumbe sikuujua ukoo wangu. Kikao kikaitwa tena. Mzee Anyitike alikubali kwamba neno la tela limekwisha, ibaki kwa Minza. "Lakini mtoto si tela," akasema. "Mtoto ni damu. Huyu siye aliyemzaa."

Nikaona wazee wanatikisa vichwa kukubali. Wazee walewale waliokubali Minza aliposema apewe mzigo, sasa wanageuza maneno. Nilifungua mdomo, lakini Minza alikuwa ameshasimama, na safari hii alikuwa anajifunga khanga yake ya kuondokea.

"Baba, leo sikuja kujibu, nimekuja kuaga," alisema. "Tusekile ana homa tangu jana usiku. Nimemwacha kwa jirani nije niwaheshimu, na sasa namrudia. Nani kati yenu alijua kwamba anaumwa?"

Hata mimi shangazi yake wa damu sikujua. Mzee Anyitike alisahau mila, akamtazama mkamwana wake usoni kwa mara ya kwanza, halafu akamgeukia Gwakisa, maana ndiye aliyekuwa aachiwe mtoto.

"Wewe unasemaje?"

Gwakisa alikuwa amekaa ukutani, mkono umefungwa bandeji. Alisimama, akasogea kumpisha Minza mlangoni.

"Mwacheni mama akamwone mwanawe," akasema. "Mteremko hauulizi breki imezaliwa wapi."