Mhojiwa wa Saba

Wapendwa, fungeni Biblia zenu kidogo mnisikilize. Leo sina hadithi ya kuwachekesha.

Alikuwepo mkuu wa shule mmoja, mwanamke, kwenye shule ya sekondari ya kutwa huko milimani ambako ukungu hautoki mpaka saa nne asubuhi. Jina lake silitaji. Kila nikitaka kulitaja naona nyuso za watu ninaowafahamu, na uso wangu umo. Alikuwa mtu mzuri. Hilo mlishike tangu sasa, maana tukimfanya mbaya tutarudi nyumbani tukiwa na amani, na mimi sikuja kuwapa amani ya namna hiyo.

Akiwa na miaka arobaini na mbili aliamua kurudi masomoni. Chuo kimoja kilikuwa kinatoa shahada ya uzamili ya teknolojia na uongozi kwa watu walioko kazini. Katikati ya juma unafundishwa kwa kompyuta, Jumamosi unakwenda darasani. Alisoma kwa taabu. Wenzake wakinywa chai, yeye anasoma. Kwenye foleni ya kliniki, mtoto amempakata, anasoma. Nani amlaumu? Kusoma si dhambi. Mimi mwenyewe nimesimama hapa mara nyingi nikawahimiza mkasome.

Ikafika zamu ya kuandika tasnifu. Akachagua jambo la kazini kwake. Walimu wake walikuwa wamepewa vishikwambi, na kila kitu kinaingizwa humo: mahudhurio, maandalio ya somo, alama za mitihani. Wapo waliovifurahia, wapo waliovikimbia. Alitaka kujua kiongozi afanye nini ili asimwache mtu nyuma. Swali jema kabisa. Msimamizi wake akamwelekeza ahoji walimu kumi na wawili, arekodi sauti zao, na badala ya kila jina aweke namba.

Wa saba alikuwa mwalimu wa Hisabati aliyebakiza miaka miwili astaafu. Ndani ya tasnifu anaitwa Mhojiwa wa Saba. Mimi nitampa jina, tumwite Mwalimu Ambakisye, kwa sababu huyu mtu alikuwa na mke, na mke wake hakuolewa na namba.

Alikuwa amefundisha miaka thelathini na mbili. Ubao ulikuwa mali yake. Lakini kile kishikwambi kilimshinda. Muhula uliopita alikosea kubonyeza, darasa zima la kidato cha pili likaonekana limepata sifuri, na simu ikapigwa kutoka wilayani. Kwenye kikao cha walimu suala lake likasomwa mbele ya vijana aliowafundisha yeye mwenyewe, ambao sasa ni walimu wenzake. Alisimama akaomba radhi. Wakati anakaa, mtu mmoja kule nyuma akacheka kidogo. Si sana. Kidogo tu.

Basi Jumatano moja ya mwezi wa pili, baada ya vipindi, mkuu akamwita ofisini. Akamwamkia kwa heshima, akamkaribisha kiti, akampa karatasi ya kukubali kuhojiwa asaini, akaweka simu mezani ikarekodi. Mzee aliuliza maneno yake yatafika wapi. Mkuu akamjibu kwamba yatafika mbali, yatasomwa na watu wakubwa. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaanza kusema. Alisema mambo ambayo hakuwahi kuyasema kwenye kikao chochote. Nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo penyewe.

"Mkuu, mimi tangu Septemba nimeacha kumeza dawa za presha. Zile dawa zinanipeleka msalani kila mara. Nikitoka darasani, nikirudi nakuta kishikwambi kimejifunga, na neno la siri silikumbuki, na watoto wananitazama. Nikaona bora niache dawa. Sasa nikiandika ubaoni naona giza. Sijamwambia mtu. Nakwambia wewe kwa sababu umeniuliza."

Mkuu wa shule alinyanyua macho. Moyo wake ulishtuka, na mimi nataka mjue ulishtuka kwa sababu gani. Miezi mitatu alikuwa anatafuta ushahidi kwamba teknolojia isiyo na uongozi inamuumiza mwalimu. Wahojiwa sita walikuwa wamempa majibu makavu, mafunzo hayatoshi, mtandao unasumbua, basi. Sasa ushahidi umekaa mbele yake na miwani mkononi. Alifurahi. Mungu amsamehe, alifurahi. Akaangalia karatasi yake, akasoma swali lililofuata.

"Kwa kiwango cha moja hadi tano, Mwalimu, unaridhika kiasi gani na mafunzo uliyopewa?"

Mzee alimtazama, kama mtu anayesubiri jambo lingine. Kisha akasema, "Mbili."

Walipomaliza alimshika mkuu mkono kwa mikono yake miwili akamshukuru. Akatoka.

Je, mkuu hakukusudia kumsaidia? Alikusudia. Jioni ile ile aliandika pembeni mwa daftari lake kwamba aongee na Mwalimu kuhusu dawa. Lakini sura ya nne ilikuwa inadaiwa na msimamizi mwisho wa mwezi. Akasema akiikabidhi tu, atamwita. Akaikabidhi, ikarudi na masahihisho. Kila siku walipishana kwenye varanda ya madarasa, wakaamkiana, mkuu akaona aibu kidogo, akaongeza mwendo. Na huku kila siku alikuwa anaisikiliza sauti ya yule mzee kwenye simu, anairudisha nyuma, anaiandika neno kwa neno. Katika shule nzima hakuna aliyemsikiliza Mwalimu Ambakisye kwa saa nyingi kama yeye. Mnanielewa? Aliyajua maneno yake kwa moyo.

Mwezi wa tano, kipindi cha pili, Mwalimu alianguka akiwa anaandika ubaoni. Wanafunzi walidhani ameinama kuokota chaki. Kilikuwa kiharusi. Alilala hospitali siku tatu bila kusema neno, akafariki.

Mkuu wa shule ndiye aliyesoma wasifu wake makaburini. Aliusoma vizuri. Watu walilia.

Wiki tatu baadaye akaitwa chuoni kutetea tasnifu yake. Alikaa mbele ya maprofesa watatu. Wa kwanza alifungua ukurasa wa tisini na moja akausoma kwa sauti, yale maneno ya dawa na giza na neno la siri, akasema kwamba katika miaka yake ya kusahihisha hajaona ushahidi unaogusa kiasi hicho. Wa pili akakubali. Wa tatu, mama mmoja mpole, ndiye aliyeuliza.

"Huyu mhojiwa wa saba, sasa hivi yuko wapi?"

Hebu jiwekeni pale. Mlango uko wazi. Swali limekuja lenyewe, tena kwa upole. Angeweza kusema amekufa. Angeweza kulia palepale, na nadhani hata maprofesa wangelia naye. Lakini mezani kuna shahada, miaka miwili ya jasho, Jumamosi zote zile.

Akasema, "Taarifa za wahojiwa ni siri, Profesa."

Yule mama akaitikia kwa kichwa kwamba hilo ni jibu sahihi. Kwa taratibu za utafiti ni sahihi kweli. Akafaulu kwa alama ya juu. Haukupita muda akapewa barua ya kwenda ofisi ya elimu ya wilaya, awaongoze walimu wa shule zote kwenye mambo ya teknolojia.

Siku anafunga vitu vyake ofisini, mke wa marehemu akaja kuchukua koti na vitabu vilivyobaki chumba cha walimu. Mkuu alipomwona aliketi. Alidhani mama yule amekuja kumlaumu, na nafikiri sehemu moja ya moyo wake ililitaka hilo. Mama wa watu hakuketi. Alisema akiwa amesimama, koti la mumewe mkononi.

"Mkuu, nimekuja kukushukuru. Mwezi ule wa pili nilikuwa nimeshavaa nije kwako nikuombe umsaidie, maana hali yake niliiona. Akanizuia. Akaniambia, mke wangu, usihangaike, Mkuu ameniita mwenyewe nimemweleza yote, tena amerekodi. Siku ile alikula vizuri. Na mimi nikatulia, sikumfuata mtu mwingine. Nikasema, sasa yupo anayejua."

Mkuu wa shule alikuwa na shahada ya uongozi. Alisema, "Asante, mama." Mama akaaga akaenda zake. Hakuna kilichofuata. Hakuna aliyemshtaki, hakuna aliyegundua. Mpaka leo yuko wilayani, anafanya kazi vizuri, na ukurasa wa tisini na moja unasomeshwa kwa wanafunzi wapya.

Wapendwa, mnataka niwaambie alitubu, akajenga kitu kwa jina la marehemu? Sijui. Hata angetubu, Mwalimu Ambakisye haamki.

Sisi je? Sisi tumefanya nini na watu waliotuambia? Ninalo daftari kule ofisini kwangu, la mahitaji ya maombi. Mmeniandikia humo mambo mazito. Ndoa, magonjwa, watoto waliopotea. Nimeyasoma hapa mbele kwa sauti nzuri. Mmesema amina. Wiki iliyopita nililifungua nikahesabu wale ambao nilikwenda mpaka mlangoni kwao nikagonga. Idadi naijua mimi, na ninaona aibu kuisema. Mlitulia nyumbani mkisema mchungaji anajua. Naam, nilijua.

Tusidanganyane kwamba kusikia ni nusu ya kusaidia. Yule mama angekwenda kwa mwingine. Angekwenda kwa daktari, kwa shemeji, kwa jirani yeyote. Hakwenda, kwa sababu kiti cha anayejua kilikuwa kimeshakaliwa. Mkristo anayesikia kisha akakaa anakuwa kizuizi mlangoni.

Nilitaka kumalizia kwa neno la faraja, nimelitafuta tangu Alhamisi, sikulipata. Kwa hiyo leo sitafunga ibada kama kawaida. Kuna mtu mwezi huu alikwambia hali yake si nzuri. Unamjua, jina limeshakujia nilipokuwa naongea. Toka nje umpigie sasa hivi. Asipopokea, nenda kwake. Sadaka na wimbo vitasubiri. Na mimi natoka, naanza na ukurasa wa kwanza wa lile daftari, ambako yumo mtu mmoja nisiyejua kama bado yu hai.